Jinsi Tulivyoigawa Kitale Baa kwa Baa

Mimi sijawahi kuonja pombe, na hakuna baa ya Kitale ambayo sijaingia. Naanza na hilo kwa sababu najua nyinyi vijana mliobaki ofisini huwa mnalitania, na kwa sababu kanisani kwetu bado wako wanaoamini nusu moja tu ya sentensi hiyo.

Mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Habari za vyeo sitaandika, maana nilivyopata vilikuwa vidogo na kimoja nilinyang'anywa. Nitaandika jinsi tulivyougawa mji vipande sita ili tuziorodheshe baa zake zote, nani alinifundisha, na kwa nini mstari mmoja kwenye ramani ulinifanya nihamishwe. Anayetarajia kunisoma nikijuta aweke karatasi chini sasa hivi, asijichoshe.

Nilikuwa karani wa vibanda vya soko. Asubuhi moja mkubwa wa wakati huo alinitupia faili ya manjano mezani akasema, "Nasimiyu, kuanzia leo wewe ni wa baa." Wenzangu walicheka mpaka chai ikamwagika. Ndani ya faili mlikuwa na orodha iliyopangwa kwa herufi za majina ya wenye baa, na nusu ya wenyewe walikuwa wameshakufa. Baa zilizoitwa Paradiso zilikuwa tatu na hakuna aliyejua ipi ni ipi. Waliotutangulia, nilikuja kuambiwa, walikuwa wanaume wawili walioipenda kazi hiyo kupita kiasi. Kila walipotoka kwenda kuorodhesha, hawakuvuka barabara ya kwanza.

Niliyepewa kama mwenzangu ni Mzee Athumani. Alikuwa amewabebea wapima ardhi minyororo yao tangu ujana wake, na alizaliwa Kitale hapo hapo, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Babu yake alifika na reli, akakaa. Siku hiyo aliniangalia kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Unakunywa?"

"Sinywi, Mzee."

"Na mimi sinywi. Alhamdulillahi, basi hii kazi itaisha."

Vifaa vyetu vilikuwa hivi: gurudumu la kupimia lenye mpini mrefu, ambalo lililia *ka* kila mita, ramani ya mji iliyochanika penye mikunjo, penseli nyekundu, daftari la jalada gumu, na gamboti, kwa sababu mvua ya Kitale haiombi ruhusa. Gurudumu lilikuwa la Mzee. Nililibeba mara moja tu, alipougua mgongo, na siku hiyo nzima alitembea kando yangu akilitazama kama mtu aliyemwazima jirani mtoto wake.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba baa huorodheshwa asubuhi. "Asubuhi haijajipaka poda," alisema. Na kweli, viti viko juu ya meza, sakafu inapigwa deki, unaona choo, unaona mlango wa nyuma unaelekea kwa nani. Wahudumu walituzoea. Mmoja pale karibu na soko alikuwa akitusalimia, "Niaje mathe, leo mnapima nini tena, si jana mlipima?" Mzee alimjibu kwamba jana alipima sakafu, leo anapima adabu.

Kugawa mji ndiko kulikonishinda kwanza. Nilikaa mezani na rula nikaikata Kitale vipande vinne vilivyonyooka, kama mkate. Mzee Athumani aliitazama kazi yangu kwa muda mrefu.

"Huu mji unaujua?"

"Naujua."

"Haya, twende."

Alinipeleka kwenye ngazi za duka moja la zamani lenye baraza, karibu na stesheni. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kazini. "Usiangalie baa," akaniambia. "Angalia miguu." Tulikaa pale jioni hiyo, na jioni zilizofuata tulikaa kona nyingine na nyingine. Wiki ilipokwisha nilikuwa nimeona mambo ambayo rula yangu haikuyajua. Watu wa vinu vya unga hawakuvuka reli kwenda kunywa, ingawa treni ilikuwa haipiti tena na majani yalikuwa yameota katikati ya vyuma. Mafundi wa magari hawakupanda juu ya barabara kuu. Wapagazi wa soko waliishia kwenye ukuta wa soko. Walimu walitembea mbali kuliko wote, ili wasikutane na wazazi.

Kwa hiyo tuliifuta mistari yangu na kuchora mingine inayofuata reli, bonde, barabara, ukuta na vijia. Zikatoka kanda sita. Ya kwanza ilikuwa mji wa kale, zile nyumba za mawe zenye baraza ndefu na mabati yaliyopakwa rangi nyekundu, ambazo zilijengwa kwa ajili ya wakulima wa Kizungu waliokuja mjini Jumamosi. Ya tano ilikuwa ya biashara, nyuma ya soko. Ya sita ilikuwa Tuwan, makazi ya watu. Kati ya ya tano na ya sita mpaka ulikuwa kijia cha miguu. Kishikeni hicho kijia, ndicho kilichonigharimu.

Kesi ngumu zilianza mapema. Bwana mmoja, Wafula, alikuwa na baa yenye milango miwili, mmoja kwa kanda ya pili na mwingine kwa ya tatu. Mkaguzi wa kanda ya pili akija, anaambiwa baa hii ni ya tatu. Wa kanda ya tatu akija, anaambiwa ni ya pili. Wafula alikuwa amekaa miezi bila kukaguliwa na mtu. Tulikaa naye chini, yeye akinywa soda yake na sisi maji, Mzee akatoa hukumu: "Baa iko pale kaunta iko. Kaunta yako iko kanda ya pili. Andika, Nasimiyu." Niliandika. Tuliporudi baada ya mwezi, Wafula alikuwa ameihamisha kaunta.

"Si mlisema ni kaunta?" akatuuliza, uso mkavu kabisa.

Mzee Athumani alicheka mpaka akakaa. Kisha akaniambia niandike kwamba baa hiyo ni ya kanda ya pili siku zote, kaunta ikiwa huko, ikiwa huku, au ikiwa juu ya paa. Nyinyi mnaoikagua leo mnajua Wafula hajakata tamaa.

Kanisani mambo hayakuwa ya kucheka. Kanisa letu halitaki pombe kabisa, na mimi nilikuwa katibu wa kwaya ya akina mama. Mtu alinishuhudia nikitoka baa Jumanne saa tatu asubuhi, na daftari langu halikuonekana katika ushuhuda wake. Niliitwa mbele ya wazee. Mmoja akasema, "Dada, hatusemi unakunywa. Tunasema unaonekana." Nikamwambia kwamba hata yeye angeonekana kama angefanya kazi asubuhi. Nilivuliwa ukatibu. Jumapili iliyofuata nilikwenda nikakaa benchi ya mbele kabisa, mahali nilipokaa siku zote, nikaimba sauti yangu ya tatu kwa nguvu zote. Hakuna aliyethubutu kuniambia nisogee. Nimekaa hapo mpaka leo.

Sasa nije kwa Mama Nekesa. Klabu yake ya busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka, ilikuwa ng'ambo ya soko, chumba kirefu cha udongo chenye benchi za mbao na chungu katikati. Wazee walikaa kukizunguka chungu na mirija yao mirefu, wakinywa polepole na kubishana habari za ng'ombe. Klabu ilikuwa ya akina mama saba, wengi wajane, waliokaanga unga na kukausha kimea cha wimbi uani. Haikuwa na bango. Mkubwa alikuwa ametuagiza tuandike baa zenye mabango peke yake.

"Tunaorodhesha mabango ama tunaorodhesha baa?" Mzee Athumani aliuliza, kisha akasukuma gurudumu lake ndani.

Mama Nekesa alisimama mlangoni, mikono kiunoni, mwiko bado mkononi. Alikuwa mtu wa Bungoma kama mimi, kwa hiyo nilimwita mayi, kama tunavyowaita mama zetu.

"Mayi, tumekuja kukuandika."

"Mkiniandika, askari watanikamata."

Nilitaka kumdanganya kwamba hawatamkamata. Nikashindwa.

"Na msiponiandika wananikamata vile vile," akaendelea mwenyewe, "na wananimwagia pombe, na wanaenda na sufuria. Wakiniuliza hii klabu ni ya nani, tangu lini, sina hata kakaratasi. Basi niandike. Lakini niandike vizuri, bana. Jina langu liwe zima, na hawa wenzangu wote sita, na huu mlango unaangalia wapi."

Tulifanya kazi pale asubuhi nzima. Mzee alipima kutoka kizingiti hadi kijia mara tatu, kwa sababu alisema nyumba isiyo na bango inahitaji vipimo vingi kuliko yenye bango. Ilitoka hatua chache, upande wa biashara, kanda ya tano. Aliandika namba kwa mkono wake mwenyewe na kuweka sahihi. Mkubwa aliposoma alikunja uso, lakini akaipitisha, na akina mama wale wakapata leseni yao ya kwanza. Mama Nekesa aliitundika ukutani mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Mzee Athumani alistaafu kabla yangu, mimi nikaachiwa ukuu wa kitengo chetu kidogo cha baa, naye akafariki miaka michache baadaye. Nilikaa na wanawake msibani, nikasikia wakimsifu kwa upole na swala. Nilitaka kuwaambia kwamba alijua pia kila choo cha kila baa mjini, lakini niliona wakati si huo.

Baada yake alikuja mkubwa mpya, Bwana Erasto. Alikuwa kijana, msafi, na mwepesi wa kujibu. Mwanzoni nilimpenda. Alileta kompyuta, akaiingiza orodha yetu yote ndani, na kwa hilo namshukuru. Lakini tajiri mmoja alikuwa ameanza kununua viwanja nyuma ya soko ili ajenge gesti ya ghorofa, na klabu ya akina mama ilikuwa imekaa katikati ya ndoto yake. Hawakutaka kuuza. Kisheria klabu ya pombe haikuruhusiwa ndani ya makazi. Kwa hiyo kulikuwa na njia rahisi, nayo ilikuwa kuyasogeza makazi.

Bwana Erasto aliniita ofisini na kufunga mlango.

"Mama, hii kanda ya sita tunaipanua kidogo. Mpaka utoke kwa kijia uje huku, kwa barabara. Nataka uchore na utie sahihi, kwa sababu wewe ndiye unayejulikana kwa hizi kanda."

"Mpaka uko kwa kijia."

"Ni laini ya penseli tu, Mama. Unafuta, unachora hapa. Ni dakika tano."

"Hizo dakika tano zifanye wewe," nikamwambia, "na utie jina lako."

"Ati unanipangia kazi?"

"Hapana. Nakupangia sahihi."

Barua ya uhamisho ilinikuta Ijumaa. Ilisema nahamishwa Bungoma kwa manufaa ya kazi, na kwamba ukuu wa kitengo nauacha Kitale. Nyumbani kwetu ni Mabanga, mwendo mfupi tu kutoka Bungoma mjini. Walitaka kuniadhibu, wakanipeleka kwa mama yangu.

Bungoma nilianza upya, peke yangu, na gurudumu jipya lisilolia. Nilikaa kwenye kona jioni nikiangalia miguu, watu wakiniuliza kama nimepotelewa na mtu. Tatizo la kwetu ni kwamba sisi wenyewe ulimi haujaamua kati ya herufi mbili, l na r. Niliandika baa mbili mtaa mmoja, Lulu na Ruru, nikawa naitafuta ya pili siku mbili. Mwenye nayo aliponiona nimechoka akaniita, "Madam, unatafuta nini? Ruru ni hii, na Rulu ni hii, ni moja, ni ya bibi yangu." Nimeiandika Lulu. Bango linasema vingine na mkewe anasema vingine.

Nilikuwa huko mwaka mmoja na kitu Mama Nekesa aliponipigia simu. Mstari ulikuwa umechorwa bila mimi. Klabu ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na akina mama walikuwa wamekata rufaa. Kikao kilikuwa Alhamisi. "Wanasema hakujawahi kuwa na kijia," alisema, sauti yake ikikwaruza. "Nasimiyu, mimi nimezeeka, ama hicho kijia nilikiota?"

Mkubwa wangu wa Bungoma alinikatalia ruhusa. Alisema mtumishi hatoi ushahidi dhidi ya ofisi yake. Nikaandika fomu ya likizo ya siku moja, nikaiacha mezani kwake bila kungoja sahihi. Sijifichi. Nilijua inaweza kunifukuzisha kazi, na usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi niliyafunga madaftari ya zamani kwa leso, yale ya kuandikia tukiwa nje, ambayo ofisi haikuwahi kuyaitisha, nikaenda.

Kikao kilikuwa ndani ya ukumbi wenye mwangwi. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miwani aliyetuangalia wote kama tumechelewa darasani. Bwana Erasto aliweka ramani mpya ukutani, nzuri, ya rangi. Aliposema mpaka umekuwa kwa barabara tangu mwanzo, hakunitazama. Nilipopewa nafasi nilifungua daftari kwenye ukurasa wa Mzee Athumani nikasoma vipimo vyake, kizingiti hadi kijia, mara tatu.

"Hayo ni maandishi ya mtu aliyekufa," akasema Bwana Erasto. "Hatuwezi kumuuliza."

"Kijia hakijafa," nikasema. "Twende tukiulize."

Wakili wa tajiri alipinga. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akasimama. Tukatoka wote, watu kama ishirini, tukapita katikati ya soko. Tulipofika, kijia hakikuonekana. Palikuwa na ua mpya wa mabati kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Bwana Erasto akafungua mikono yake kama kusema, mnaona?

Basi tulisimama pale. Kisha bati moja likasogea. Akatoka mama mwenye karai la sukuma wiki kichwani, akainama, akalirudisha bati mahali pake kwa mguu kama mtu anayefunga mlango wa kwake. Nyuma yake wakaja wawili wenye magunia, halafu mwanamume na baiskeli begani. Wote walipita bila kutuangalia, na ardhi mbele ya tundu lile ilikuwa ngumu na inang'aa kwa kukanyagwa.

"Mama," mwenyekiti akamwita yule wa sukuma wiki, "hapa unapita tangu lini?"

"Hapa?" Alishangaa. "Si hii ndiyo njia?"

Mwenyekiti aliagiza gurudumu. Nilipima mwenyewe mbele yao, kutoka kizingiti mpaka tundu. Ilitoka ile ile ya Mzee. Sikulia pale. Nililia baadaye, ndani ya choo cha ukumbi, nikanawa uso, nikarudi.

Mpaka ulirudishwa kwa kijia na klabu ikafunguliwa. Msifikiri kila kitu kilinyooka. Mimi sikurudishwa Kitale. Nilipata barua ya onyo kwa kutoka kazini bila ruhusa, nami nikaijibu kwa barua ndefu kuliko hiyo. Bwana Erasto hakufanywa lolote, na Mama Nekesa alifariki kabla hajaiona leseni ya mwaka uliofuata. Wenzake waliiomba ikiwa na jina lake lile lile, zima. Nimestaafia Bungoma, kiti cha karani, na yeyote anayeniuliza kama ningerudia, namwambia ningerudia, na wakati huu nisingengoja hata kuandika fomu ya likizo.

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, nilikuwa napepeta maharagwe uani Mabanga nikaona mtu anasimama langoni. Alikuwa Bwana Erasto. Amenenepa, na ameacha ile kazi. Nilimpa kiti na chai, kwa sababu mgeni ni mgeni. Akazunguka sana kwa mvua na mahindi kabla ya kufika. Alikuwa amejenga Kitale, kando ya baa moja ya kanda ya nne, na jirani amejenga ukuta kwenye njia ya kuingilia kwake. Wanaenda mbele ya wazee wa ardhi Jumanne. Ramani ya kompyuta haionyeshi njia hiyo.

"Nimesikia madaftari bado unayo," akasema.

Niliyaleta. Niliitafuta baa ile nikaikuta, mwandiko wangu, vipimo vya Mzee. Njia ilikuwapo, pana ya kupita mkokoteni. Nikamwuliza ukuta wa jirani na majengo yake mwenyewe viko hatua ngapi kutoka mlango wa baa, akanitajia. Nilimwonyesha kwa kidole: ukuta wa jirani uko juu ya njia. Uso wake ukachanua. Kisha nikasogeza kidole mstari wa chini. Kwa vipimo hivyo hivyo, jiko lake yeye pia limeingia njiani, hatua mbili.

Kuku alipita kati yetu.

"Mama Nasimiyu," akasema taratibu, "si utasoma tu ule mstari wa kwanza?"

"Nasoma yote miwili, ama sisomi."

"Jiko ni la mke wangu. Litabomolewa."

"Najua."

Aliitazama ile karatasi muda mrefu, akanywa chai, akaweka kikombe chini. Nilidhani atainuka aende, na nilikuwa tayari kumsindikiza hadi langoni kwa heshima zote.

"Haya," akasema. "Soma yote."

Jumanne nilipanda Kitale, nikasimama mbele ya wazee wa ardhi, nikasoma yote.